Rafu ya Nyumbani: Baada ya Kitabu cha Saba



Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mdogo wangu, ambaye tangu mwaka jana anakaa Butula, katika kaunti ya Busia, nyumbani kwa wakweze. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu. Leo yumo kwenye foleni ya mpakani Malaba, kesho kutwa yuko Kampala, na siku za kulala nyumbani ni za kuhesabu. Tulipokwisha kujuliana hali, mdogo wangu akanieleza lililomkaa moyoni.

Binti yake wa miaka 12 alikuwa amemaliza vitabu vyote 7 vya Harry Potter, alivyopewa zawadi na rafiki yake wakati walipohama Mombasa. Siku aliyokifunga kitabu cha mwisho alilia. Kesho yake akaomba vingine mfano wa vile. Mama mtu, ambaye alikwisha kusikia kwamba vitabu hivyo hufunza uchawi, akaona afadhali akate mzizi wa fitina. Akavikusanya vyote, akavitia sandukuni, akafunga kwa kufuli.

“Nilidhani atasahau,” akaniambia. “Sasa, dada, hashiki kitabu tena, cha Kiingereza wala cha Kiswahili. Akitoka skuli huchukua simu yangu akajikunyata nayo mpaka usiku. Na mimi hanisemeshi.”

Sikumlaumu. Hofu yake ina asili. Sihri ni dhambi kubwa katika dini yetu, na mzazi asiyejali mwanawe anasoma nini ameipuuza amana. Mwenye kutaka hukumu ya kisheria juu ya kitabu fulani na amwendee sheikh wake. Safu hii si pahala pa fatwa. Lakini lipo swali linalotangulia, nalo ni la mama na mtoto peke yao: mtoto alipenda nini ndani ya kitabu kile? Tusipolijua hilo, hatujui tunamnyima nini, wala hatujui tumpe nini badala yake.

Nikaomba nizungumze na mtoto. Nilitarajia anitajie fimbo za miujiza na fagio zirukazo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Mama mkubwa, wale watatu walikuwa wakikaa pamoja. Wakigombana, wanapatana. Na walikuwa wakinichekesha. Mimi huku sina mtu.”

Nami nikakosa la kusema. Mtoto huyu ameacha Mombasa wenzake wa skuli na wa chuoni. Huko Butula wenzake huzungumza Kimarachi wanapocheza, lugha ambayo ndiyo kwanza anaanza kuiokota. Baba yuko njiani. Watoto watatu wa kitabuni ndio waliokuwa wenzake wa mwaka mzima, na kitabu cha saba kilipofungwa alikuwa amehamishwa mara ya pili. Uchawi haukuwa ndio uliomshika. Alishikwa na haja ya wenzi, na ya ulimwengu ambao ukiufungua leo, kesho unaukuta palepale.

Basi nikaipekua rafu yangu. Mfululizo wa vitabu saba wa namna ile kwa Kiswahili sikuukuta. Nilikuta, hata hivyo, hadithi za ajabu za kutosha miezi kadhaa. Nimezitia kwenye mkoba mmoja na kuupakia basi la kwenda Busia, ushushwe Bumala. Nazitaja hapa pamoja na sababu zake, huenda zikamfaa mama mwingine.

Cha kwanza ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1952. Ni kitabu chembamba, na mtoto wa miaka 12 atakimaliza kwa siku chache. Liwali Adili huwapiga manyani wawili kila usiku, huku akilia, kisha huwalisha kwa mapenzi. Kwa nini? Msomaji hatulii mpaka ajue. Ndani yake mna mji uliogeuka mawe, mna jini aitwaye Huria, na mna Hasidi na Mwivu, nduguze Adili, ambao majina yao yanatosha kueleza tabia zao. Maajabu ni mengi, lakini kinachobaki moyoni ni swali la kusamehe ndugu aliyekudhuru. Mtoto aliyependa watatu wale kwa kuwa waligombana wakapatana atalitambua swali hilo.

Cha pili ni Kusadikika, cha mwandishi huyohuyo, cha mwaka 1951. Hiyo ni nchi inayoelea hewani. Karama ameshitakiwa, na kwa siku sita mfululizo anajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande zote: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe anaona ya ajabu, na kila mmoja akirudi analipwa mabaya. Lugha yake ni nzito kwa mtoto, kwa hiyo kitabu hiki nimempelekea mama zaidi kuliko binti. Nimemwambia amsomee mwanawe safari moja kila usiku baada ya Isha, na simu iwekwe mbali. Usiku sita wa kukaa pamoja una faida hata kama maneno mengine hayakueleweka.

Cha tatu ni hekaya za Abunuwasi, kwa ajili ya kicheko. Hapo hamna fumbo zito; mna mtu mdogo mwenye akili anayewashinda wakubwa. Mtoto mwenye huzuni apewe kwanza kitabu cha kumchekesha, kisha ndipo apewe cha kumfunza.

Cha nne ni Alfu Lela Ulela. Hassan Adam ameitafsiri kwa Kiswahili chepesi, na juzuu zake zimechapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Anayetaka ulimwengu usiokwisha upesi ataupata humo, kwani hadithi moja huzaa nyingine. Ila, mama, tangulia kusoma wewe. Asili ya mkusanyiko huo haikuwa ya watoto, na si kila kisa kinafaa umri wote.

Cha tano kinasubiri mpaka atakapofika miaka 14 au 15: vitabu vya Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale cha mwaka 1960 na Kisima cha Giningi cha mwaka 1968. Huu ndio mfululizo wetu hasa, kwa kuwa mtu yuleyule na kiko chake hurudi kitabu baada ya kitabu, pamoja na rafiki yake Najum. Visa vyake ni vya mauaji na siri za watu wazima, ndiyo maana nasema visubiri. Lakini vina faida moja kwa mzazi mwenye hofu: mambo yanayodhaniwa kuwa ya mizimu, Bwana Msa huyachunguza kwa akili mpaka ukaonekana mkono wa binadamu.

Na wale saba waliomo sandukuni? Nilimwambia mdogo wangu wazi kwamba kufuli halikumtenga mtoto na uchawi. Lilimtenga na mama yake. Kama ana shaka, na avisome mwenyewe, kisha wazungumze: hiki ni hadithi tu, na hiki katika dini yetu hatukubali, na sababu yake ni hii. Mtoto wa miaka 12 anaelewa. Nilimkumbusha pia kwamba vitabu hivyo vilitoka kati ya mwaka 1997 na 2007, na wasomaji wake wa mwanzo walikua pamoja navyo. Vya mwanzo ni vyepesi, vya mwisho vina vifo na giza. Haukuwa uamuzi wa busara kumwachia mtoto avimalize vyote bila ya mtu mzima kujua anapita wapi.

Mkoba ulifika salama. Juzi nikapiga simu kuuliza. Adili amekwisha, na Kusadikika wamefika kwa mjumbe wa tatu. Jambo nisilolitarajia ni kwamba bibi mzaa baba, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, usiku wa pili alivuta kigoda akasikiliza. Walipomaliza akasema kwao pia kuna hadithi za namna hiyo, akaanza kusimulia habari za linani, ambaye sisi tungemwita zimwi. Alisimulia kwa Kimarachi, na binamu za mtoto, waliokuja kumsikiliza bibi yao, ndio waliomfasiria mgeni wao. Sasa wanarudi kila jioni. Mtoto ameomba daftari la kurasa 96 ili aandike visa hivyo kwa Kiswahili, na juu ya jalada ameandika: Kitabu cha Kwanza.

Mdogo wangu amelifungua sanduku. Ameanza kusoma kile cha mwanzo, kurasa chache kila usiku, na anasema binti yake humwuliza kila asubuhi amefika wapi.

Mama msomaji, mwanao akimaliza kitabu akalia, usimcheke wala usikimbilie kufuli. Muulize anamlilia nani. Nanyi mnaojua hadithi nyingine za ajabu zinazofaa watoto wetu, tuandikieni, tupate kuzitia kwenye rafu hii.

Wabillahi tawfiq.