Viwanja vya michezo ufukweni viwe vya kila mtoto

Kila bustani ya umma inayojengwa au kukarabatiwa ufukweni Mombasa haina budi kuwa na uwanja wa michezo ambao mtoto mwenye ulemavu anaweza kuufikia na kuuchezea. Hiyo ni haki yake, wala si hisani. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inamhakikishia kufika mahali pa umma, na mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Kenya iliuridhia 2008 unataja waziwazi kucheza sawa na wenzake.

Haki hiyo hukwamia mchangani. Kwenye kiti cha magurudumu, yale ya mbele, madogo na membamba, huzama punde tu yanapoacha lami, na mama mwenye mtoto mwingine mgongoni hawezi kukiinua peke yake. Njia ngumu na ifike hadi kwenye bembea yenyewe. Wako wanaosema gharama ni kubwa na watumiaji ni wachache. Lakini mteremko uliochorwa tangu mwanzo ni nafuu kuliko kubomoa ngazi baadaye, na humfaa pia nyanya mwenye mkongojo. Huo uchache nao unatokana na vizuizi vyenyewe: familia hizi hubaki nyumbani.

Waliokabidhiwa bustani hizi, ikiwemo ile ya Mama Ngina iliyokarabatiwa 2019, wazikague pamoja na wazazi husika kabla ya likizo ya Desemba, na watenge fedha za matengenezo, maana chumvi ya bahari hula vyuma upesi.