Satelite inaona paa, haijui jina la kijiji

Kongo ilihesabu raia wake mara ya mwisho mwaka 1984. Sisi wenye kuandika hapa tulikuwa hatujazaliwa. Tangu hapo, kila mwenye kupanga kitu juu ya Masisi na Walikale, iwe dawa, darasa ao daraja, anapanga kwa kukadiria. Na kijiji ambacho hakiko kwenye ramani, kwake ni pori tu.

Hapa Nyabiondo tunajua maana yake. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anabebwa kwa tipoyi kutoka kijiji kisicho na barabara. Wageni wanakuja na telefone, wanapima chemchemi na shule, wanarudi Goma. Matokeo hatuyaoni. Kesho wengine wanakuja kupima chemchemi ile ile.

Ramani za leo si siri ya wakubwa. OpenStreetMap ilianza Uingereza mwaka 2004: kila mtu anaweza kuongeza njia ao kusahihisha jina, na kuitumia bure. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, watu wa kujitolea wa inchi nyingi walichora nyumba na njia za Kivu ya Kaskazini kwa kufuata picha za satelite, ili timu za afya zijue pa kupita. Kazi nzuri. Lakini picha inaonyesha paa. Haisemi kama ni kanisa ao kituo cha afya, wala kama daraja lilichukuliwa na maji juma lililopita. Ile anaijua mwenye kuishi hapa.

Tuanze namna gani? GPS ya telefone haiombi mtandao wala megabaiti. Siku uko na mtandao, pakua ramani ndani ya OsmAnd, kisha tembea. Pahali wazi inakosea mita chache. Ndani ya bonde ao chini ya miti mikubwa inakosea zaidi, basi subiri kidogo mbele ya kuandika. Uliza wazee jina la pahali, liandike namna wanavyolitamka. Mwenye kompyuta ajifunze QGIS, programu ya bure: inapanga vijiji, njia na vituo vya afya tabaka juu ya tabaka, mpaka unaona nani yuko mbali na dawa.

Lakini tuseme wazi: ramani ya wote inaonekana na wote, hata mwenye bunduki. Tusiweke kambi za wakimbizi, vituo vya askari ao vya makundi, wala jina la mwenye nyumba. Mipaka ya mashamba pia tusiiguse. Katika Masisi watu wamekufa juu ya ile mistari. Si telefone ya kijana itakata maneno. Na mbele ya kutoka, julisha shefu wa kijiji: kijana mwenye kusimama na telefone karibu na bariere anaweza kuitwa mpelelezi.

Tunadai mambo mawili. Kila shirika linalopima hapa liache nakala ya ramani kwenye kituo cha afya na kwenye ofisi ya sekta ya Osso-Banyungu. Na wapimaji wa kwanza wawe vijana wa hapa. Tuko na diploma, tuko na miguu, kazi hatuna.

Vijana wa Nyabiondo, Loashi na Kashebere: jina la kijiji chako, hakuna satelite itakuandikia. Liandike wewe.