Sindano bila sheria: nani anamlinda mgonjwa wa Uvira?



Kila asubuhi ku mpaka wa Kavimvira tunaona wamama wakipita na mizigo mgongoni. Ku bandari ya Kalundu vijana wanashusha magunia toka ndani ya mashua. Wavuvi wa ndagala wanavuta nyavu usiku kucha. Wamotari wanapiga mashimo ya RN5 tangu asubuhi mpaka giza. Jioni ikifika, wote wanalilia kitu kimoja: mgongo. Hapo ndipo wanaanza kutafuta. Kidonge ku farmasi, mafuta ya kupaka, na siku hizi sindano za Kichina.

Ndiyo, akupancha. Si kitu kipya sana katika nchi yetu. China inatuma timu za waganga wake huku tangu 1973, wakati ilikuwa bado inaitwa Zaire. Sindano hizo ni nyembamba, hazina tundu, hazitii dawa yoyote mwilini. Na si uchawi. Desemba 2023, OMS ilitoa mwongozo wake juu ya maumivu ya muda mrefu ya kiuno na mgongo wa chini, na akupancha iko kati ya njia ambazo mwongozo huo unakubali kwa watu wakubwa. Lakini tusome vizuri: mwongozo huo unasema juu ya mgongo. Hausemi juu ya kisukari, ukimwi ao utasa.

Sasa tuwaambie kilichotusukuma kuandika. Mwenzetu mmoja alimsindikiza mama yake mdogo kwa mtu anayechoma sindano ndani ya chumba kimoja nyuma ya duka. Bei ilipatanwa kwa mdomo. Sindano zilitoka ndani ya kopo. Alipouliza kama ni mpya, alijibiwa: « Weye ni munganga? » Mbele ya kutoka, mama aliambiwa aache vidonge vyake vya tansio, eti sindano zinatosha. Wiki mbili baadaye alianguka. Leo yuko mzima, tunamshukuru Mungu, lakini mkono wa kushoto haunyanyuki tena hata kufunga kitambaa cha kichwa.

Tulitaka kushtaki. Ku nani? Munganga akikosea, iko Ordre ya waganga tangu 1968. Infirmye akikosea, Ordre yake iliundwa na sheria ya Julai 2016. Mtu wa akupancha hana Ordre, hana daftari, hana mkubwa wa kumwita na kumuuliza. Ofisi moja ilitutuma ku ingine, na ile ingine ikaturudisha ku ya kwanza.

Tunajua pia mwingine. Yeye alijifunza kazi hii kwa miaka. Anafungua pakiti mbele ya macho ya mgonjwa, anahesabu sindano alizoingiza na alizotoa, na mtu akija na homa anamwambia aende hospitali kwanza. Mbele ya serikali, huyu na yule wa kopo wako sawasawa. Wa kwanza hana karatasi ya kuonyesha kwamba anajua. Wa pili hana karatasi ya kunyang'anywa.

Kwa hiyo tunasema wazi: kazi ya akupancha itambuliwe na sheria. Hatupigii mtu reklame. Tunatetea mgonjwa, na tunatetea mfanyakazi mwenye haki. Hao wawili hawatengani.

Wengine watatuambia: tuko na kipindupindu, tuko na vita, mto Mulongwe ulitubomolea manyumba mwaka 2020, na nyinyi munaleta mambo ya sindano? Tunawajibu: watu wanachomwa leo, si kesho. Sindano iliyotumiwa kwa mtu mmoja kisha kwa mwingine inaweza kubeba virusi vya hepatiti B na vya ukimwi. Ikiingia ndani sana kifuani inaweza kutoboa pafu. Kuandika sheria hakungoji njia ya lami.

Waganga wengine wanaogopa kwamba sheria itawapa matapeli nguvu. Kwa kweli matapeli tayari wako na nguvu: kimya cha serikali. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania iliweka sheria ya tiba asili na tiba mbadala mwaka 2002, na ikaunda Baraza la kuandikisha watoa tiba na mahali wanapofanyia kazi. Uganda ilifuata na sheria yake mwaka 2019. Hatusemi kule matapeli wamekwisha. Tunasema kule raia ana mlango wa kugonga. Sisi tuliingia EAC mwaka 2022. Tusiingie tu kwa biashara ya unga na saruji.

Na wenyewe wa akupancha wanaogopa kitu kimoja, na wako na haki: kwamba daftari litageuka taksi ingine. Tunaijua nchi yetu. Ndiyo maana malipo ya kuandikishwa yaandikwe ndani ya sheria yenyewe, na kila franka iwe na risiti.

Tunawaomba waheshimiwa wadepite wetu mambo manne:

1. Sheria iseme nani anaweza kujiita mtu wa akupancha, na masomo gani anapaswa kuwa nayo.
2. Kila zone ya afya iwe na daftari la wazi, na majina yabandikwe ukutani ku santre ya afya.
3. Sindano mpya kwa kila mgonjwa, na ile iliyotumiwa iharibiwe sawa takataka zote za hospitali.
4. Adhabu kwa yeyote anayemwachisha mgonjwa dawa alizoandikiwa na munganga.

Katiba inatupa njia. Kifungu 47 kinahakikisha haki ya afya. Kifungu 27 kinasema kila Mkongomani anaweza kuandikia serikali petisyo, peke yake ao pamoja na wengine, na serikali inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kifungu 130 kinampa kila depite haki ya kuleta sheria. Asituambie basi kwamba hiyo ni kazi ya minista.

Bunge linafunga Juni 15 na kufungua Septemba 15. Katikati hapo wanarudi huku nyumbani kutusalimia. Wakifika, tusiombe tishati. Tuwape petisyo, wasaini kwamba wameipokea, tuandike tarehe, tuanze kuhesabu siku tisini.

Na wewe unayesoma, mbele ya kulala ku kitanda cha mtu yeyote wa sindano, uliza tatu: Ulijifunza wapi? Pakiti iko wapi, ifungue nione? Nikiwa na dawa za munganga, utaniambia nini? Akikasirika, vaa viatu uende.

Karatasi za kusaini zitapita Mulongwe, Kasenga, Kavimvira na Kalundu. Mama yule wa mkono wa kushoto alisaini wa kwanza, kwa mkono wa kuume.

Sisi vijana raia wa Uvira.