Maoni: Kati ya PES 6 na eFootball, wazee wa maneti wana haki

Mchezo wa mpira ambao vijana wengi wa Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia wanacheza leo kwenye simu ni eFootball, wa kampuni ya Kijapani Konami. Unapakuliwa bure, majina ya wachezaji ni ya msimu huu, na picha zake zinapendeza macho. Lakini katika kila kartie kungali watu ambao hawataki hata kuusikia. Hao wameshikilia Pro Evolution Soccer 6, wanaouita PES 6 tu, uliotoka mwaka 2006 na unaochezwa kwenye PlayStation 2 yenye maneti za waya. Wadogo zao wanawacheka na kusema kwamba ni watu wanaolilia ujana wao.

Katika mabishano haya, wadogo ndio wanaokosea. Uzuri wa PES 6 hautokani na kumbukumbu peke yake. Mwenye diski ya PES 6 ana mchezo wake mkononi. Mwenye eFootball kwenye simu ameazimwa tu, na mwenye kumuazima anaweza kubadilisha masharti siku yoyote.

Historia ya michezo hii miwili inaonyesha hivyo. Konami ilianza kutoa michezo yenye jina Pro Evolution Soccer mwaka 2001, na kila mwaka diski mpya ilitoka. PES 6 ilipotoka, mashabiki walijua kasoro zake. Konami haikuwa na ruhusa ya kutumia majina ya timu nyingi za Uingereza, kwa hiyo Chelsea iliitwa London FC na Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Leopards ya Congo haikuwemo kabisa. Claude Makelele, aliyezaliwa Kinshasa na aliyekuwa Chelsea miaka ile, alichezea timu yenye jina la uongo. Hata hivyo, ndani ya diski hiyo mlikuwa sehemu ya kurekebisha kila kitu: jina la timu, rangi ya jezi, jina la mchezaji, hata nywele zake. Kijana aliyekosa timu ya inchi yake aliweza kuitengeneza mwenyewe na kuihifadhi kwenye kadi ya memori ya megabaiti 8. Hakuomba ruhusa kwa mtu, na hakulipa kitu juu yake.

Mwaka 2021 Konami iliacha jina la PES na kuleta eFootball. Tarehe 30 Septemba ya mwaka huo mchezo ulitoka ukiwa haujaiva. Nyuso za wachezaji zilikuwa za ajabu, mpira ulikuwa unapita katikati ya miguu, na timu za klabu za kuchezea bila kushindana na watu wa mbali zilikuwa 9 tu. Master League, ile sehemu ambamo mtu alichukua timu yenye wachezaji wasiojulikana kama Castolo na Minanda na kuipandisha msimu baada ya msimu, haikuwemo. Wachezaji wa dunia nzima walilalamika kwa nguvu, hata kampuni ikaomba radhi hadharani. Tangu wakati huo wamerekebisha mambo mengi, na leo mchezo umesimama vizuri. Lakini fundisho moja lingali pale: anayecheza eFootball anapokea kile kampuni inachoamua kutoa, kwa siku inayotaka yenyewe.

Kwa wakaaji wa mashariki mwa RDC jambo hilo ni zito zaidi kuliko kwa kijana wa Tokyo ao Paris. eFootball ya simu haifunguki bila intaneti. Hata anayetaka kucheza na mashini peke yake, akiwa amekaa kitandani, anapaswa kuwa na mega. Kila marekebisho mapya yanakula mega nyingine. Na mtandao ukikatika dakika ya 80, wakati mtu anaongoza mabao mawili kwa moja, mechi inaweza kupotea hivyo hivyo. Katika miji ambamo mtandao unakatika bila kuaga, na ambamo makuta ya mega yanatoka kwenye mfuko ule ule wa unga na mafuta ya kupikia, mchezo unaoitwa wa bure unalipwa kila siku. PES 6 inaomba umeme tu. Ni kweli kwamba umeme nao ni tatizo, lakini ukirudi, mchezo unarudi vile ulivyoachwa.

Kuko pia jambo la usawa. Katika PES 6 vijana wawili wanapokaa mbele ya televisheni, timu zilizo ndani ni zile zile kwa wote wawili. Kila mmoja anaweza kuchukua Inter Milan yenye Adriano, ambaye nguvu ya shuti lake ilifika 99, kipimo cha juu kabisa. Ndiyo sababu katika vyumba vingi vya michezo watu walipatana wenyewe: Inter hairuhusiwi, ao kila mtu achukue Inter. Ilikuwa sheria ya watu waliokaa pamoja. Katika eFootball, sehemu inayopendwa zaidi ni ile ya kujenga kikosi chako mwenyewe, na kikosi kinajengwa kwa kucheza muda mrefu ao kwa kununua sarafu za mchezo na kujaribu bahati ya kupata mchezaji mkubwa. Mtoto wa mwenye feza anaweza kufika uwanjani na kikosi ambacho mwenzake atakitafuta kwa miezi. Anayefungwa hapo hajui kama ameshindwa na kidole ao na mfuko.

Wanaotetea eFootball wana hoja tatu, na zote zinastahili jibu. Ya kwanza: simu imewafikia wengi ambao hawakuwahi kuwa na PlayStation nyumbani. Hiyo ni kweli, na ni faida kubwa. Ya pili: kijana wa Uvira anaweza leo kucheza na kaka yake aliye Nairobi ao Bruxelles, jambo ambalo PES 6 ya chumbani haitoi. Hiyo pia ni kweli, lakini haielezi kwa nini yule anayetaka kucheza peke yake, ao na jirani aliyekaa kando yake, naye alazimishwe kuwa na intaneti. Ya tatu ni ngumu zaidi: diski nyingi za PES 6 zilizouzwa sokoni kwetu zilikuwa za kunakiliwa, na kampuni haikupata kitu. Kosa hilo halipaswi kufichwa. Hata hivyo, linaonyesha namna watu walivyouza na kununua, na halifanyi mchezo wenyewe kuwa mbaya.

Tena, watu wa Kivu wana sababu yao ya pekee ya kuheshimu chombo kinachodumu. Ndani ya simu na mashini za michezo mna tantalum, inayotolewa katika coltan, madini ambayo wachimbaji wa Rubaya, katika teritware ya Masisi, wanayatoa ardhini kwa mikono. Sony iliacha kutengeneza PlayStation 2 mwanzoni mwa mwaka 2013, na zingali zinawaka, kwa sababu mafundi wetu wanajua kuzifungua na kuzisafisha. eFootball inafuata njia nyingine: marekebisho yanaendelea kuongezeka uzito mpaka simu ya zamani inashindwa, na mwenyewe anaanza kutafuta nyingine.

Basi, nini kifanyike? Wenye vyumba vya michezo wasitupe mashini za zamani kwa kuona aibu. Wateja wangali wapo. Wazazi wanaoombwa mega kila jioni waulize kwanza mchezo huo unaomba nini, na mtoto analipa nini ndani yake. Na Konami, ambayo inajua vizuri kwamba watu wa Afrika wanacheza michezo yake, inaweza kufanya jambo moja rahisi: kutoa mchezo wa mpira wa simu ambao unalipwa mara moja, unafunguka bila mtandao, na unamruhusu mtu kutengeneza timu yake. Kampuni hiyo iliwahi kufanya hivyo kwenye diski mwaka 2006. Haiwezi kusema leo kwamba haiwezekani.