MPAKA NA KALAMU YA KARANI



Kila mwaka ifikapo tarehe 9 Desemba twautaja uhuru kwa furaha, nayo ni haki yetu. Walakini sisi tukaao Busunzu, katika vilima vya Buha, twajua ya kuwa bendera yaweza kubadilishwa kwa usiku mmoja, bali yaliyoachwa na watawala wa kigeni hayaondoki upesi hivyo. Mojawapo ni mpaka wa Burundi, usio mbali nasi.

Yafaa tukumbuke ulivyopatikana. Zamani watu wa Buha na wa Urundi walitembeleana, wakaoana, wakauziana ng'ombe na chumvi, na lugha zao zafanana hata leo. Wadachi walipokuja walizitawala nchi zote mbili. Katika Vita Kuu, mwaka 1916, Wabelgiji wakaitwaa Kigoma, wakakaa Buha hata Machi 1921. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Tarehe 30 Mei 1919 Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walikuwa wamekwisha kupatana: Ruanda na Urundi kwa Wabelgiji, na Buha kwa Waingereza. Ndivyo ndugu wa damu walivyopata kuitwa raia wa nchi mbili.

Mwaka 1964, huko Cairo, wakuu wa Afrika walikubaliana kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru, maana kuigusa kungeleta vita vingi. Hatuombi basi mpaka ufutwe. Twasema tu kwamba mstari uliopigwa na wageni usigeuzwe kuwa fimbo mikononi mwetu.

Kwa nini neno hili latuhusu sisi makarani? Kwa sababu mpaka hauko porini tu; uko juu ya meza zetu. Mwaka 1972, 1993 na 2015 wakimbizi walivuka kwa maelfu kuja kwetu, na mwaka 2014 Serikali iliwakubalia uraia zaidi ya 150,000 miongoni mwa wale wa 1972. Hilo lilikuwa tendo la ukarimu. Lakini yupo mzee wa Kiha, aliyezaliwa hapa na baba yake kuzikwa hapa, ambaye akifika dirishani kuomba kitambulisho hutiliwa shaka kwa ajili ya matamshi yake. Huambiwa, "Njoo kesho," naye ametembea tangu alfajiri. Ulimi wake haukuvuka mpaka; mpaka ndio uliomvuka yeye.

Kazi yetu ina urithi wa namna mbili. Kalamu ya karani ndiyo iliyoandika kodi, na kodi ikawasukuma Waha kwenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba, yaani watu wa kuhesabiwa kwa nambari. Lakini huko huko Tanga, mwaka 1922, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, wakakaa pamoja Waislamu na Wakristo, bila kuulizana kabila. Baadaye, TANU ilipozaliwa mwaka 1954, watumishi walikatazwa kujiunga nayo, na baadhi yao waliisaidia kwa siri. Karani mmoja humwandika mtu kuwa nambari, na mwingine humwona kuwa ndugu. Kila asubuhi twachagua tutamfuata yupi.

Hatusemi sheria ivunjwe, wala kila aombaye apewe. Twasema mwombaji aulizwe kwa adabu. Mashahidi wa kijiji chake wasikilizwe. Akikataliwa, aelezwe sababu na mahali pa kukata rufani. Wala asidaiwe kitu cha kuilainisha kalamu. Mambo haya hayahitaji fedha wala amri mpya.

Uhuru wa nchi ulipatikana mwaka 1961. Uhuru wa yule mzee bado uko mikononi mwetu, nasi tusimcheleweshe.