Mashimo ya Matofali na Homa ya Watoto

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo lililo karibu na nyumba zetu, hata tumezoea kulipita bila kulitazama. Nalo ni mashimo tunayoyachimba mabondeni ili tupate udongo wa matofali.

Faida ya matofali kila mtu aijua. Wengi katika Kisii na Nyamira wamejenga nyumba na kulipa karo kwa fedha za tanuru. Mimi mwenyewe nililichimba shimo chini ya migomba yangu. Matofali yalipokwisha kuchomwa nililiacha wazi, na mvua ikalijaza. Siku moja Bwana Afya alifika, akachota maji yale kwa upawa mweupe, akanionyesha viluwiluwi vya mbu vimelala sambamba na uso wa maji. Kisha akaniuliza kwa upole, "Bwana Karani, watoto wako hulala chumba gani?" Nikamwonyesha dirisha. Toka shimoni hadi pale palikuwa hatua arobaini tu. Niliona haya, maana kazini ni mimi niandikaye barua za kuwahimiza watu wengine juu ya usafi.

Wazee wetu waliihesabu malaria kuwa homa ya watu wa pwani ya ziwa. Walakini katika miaka ya 1990 ilipanda milimani mara kwa mara ikaleta msiba mkubwa. Sisi wa nchi ya baridi miili yetu haikuizoea, kwa hiyo ikija huja kwa nguvu, na mtoto wa chini ya miaka mitano ndiye huumia zaidi. Tena shimo lililojaa maji laweza kumzamisha mtoto mchezoni.

Wako wasemao kwamba Bwana Afya anatuharibia riziki. Sivyo. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza kutumika mwaka 1921, yahesabu maji yanayozalisha mbu kuwa kero, naye ana mamlaka ya kumtaka mwenye ardhi aiondoe. Tangu mwaka 2013 kazi hiyo imo mikononi mwa serikali za kaunti. Sheria haikatazi tanuru. Inakataza kuacha hatari nyuma yake. Vyandarua na dawa ya kupuliza kutani ni vitu vyema, lakini vyamngoja mbu aliyekwisha kuruka. Kufukia shimo ni kumzuia asizaliwe.

Asiyeweza kufukia na autoboe ukingo maji yapate kutoka, au afuge samaki. Wataalamu wa ICIPE, shirika la utafiti wa wadudu, walifanya majaribio papa hapa Kisii, na habari zake zilitolewa mwaka 2007. Walitia tilapia katika vidimbwi, na baada ya majuma 15 viluwiluwi vya mbu wa malaria vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Samaki hao hula viluwiluwi, nao baadaye huliwa mezani. Lakini jihadharini: kidimbwi kilichoachwa bila samaki hurudi kuwa nyumba ya mbu.

Mimi nililifukia shimo langu kwa siku mbili, nikisaidiwa na jirani mmoja. Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwake tukalifukia la kwake, maana mbu hajui mpaka wa shamba, na mtu mmoja akifukia peke yake amefanya nusu ya kazi.

Basi, ndugu zangu, kabla ya mvua za masika kila mmoja na ateremke bondeni atazame alichokiacha huko. Na mtoto akipatwa na homa, msingoje hata kesho. Mpelekeni zahanati akapimwe damu siku ile ile. Nyumba ya matofali ni fahari, lakini tuliijenga kwa ajili ya watoto.