Mfarishi wa Bweni Letu na Picha za Marekani

Bwana Mhariri,

Katika toleo la muhula uliopita mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu alisema ya kwamba klabu ya ushonaji ni mahali pa kupotezea Jumamosi, na ya kuwa wasichana wanaotazama picha za Marekani katika chumba cha kompyuta ili wapate mifano ya kushona wamesahau kwao. Naomba nafasi nimjibu, maana twakaribia kuamua mfarishi wa kuonyesha siku ya wazazi uwe wa namna gani, na maneno yake yamekwisha wageuza wengine.

Mfarishi si blanketi. Una tabaka tatu: juu ni vipande vya nguo vilivyounganishwa, katikati ni pamba au blanketi kuukuu, na chini ni bitana, kisha zote hushikwa pamoja kwa mishono ipitayo toka juu hata chini. Aliyelala hapa Mbulu usiku wa mwezi wa Juni hana haja ya kuelezwa faida yake. Vipande twavipata bure kwa mafundi cherehani wa sokoni, ambao huvifagia kila jioni. Mpaka sasa tumevishona kwa kufuata kielelezo cha maua ya waridi kilichomo katika kitabu kikuukuu cha klabu. Mimi peke yangu nimekwisha shona waridi kumi na moja, nami nimechoka nayo.

Ni kweli kwamba si kila picha yafaa sindano. Iko moja mashuhuri sana ya Grant Wood, ya mwaka 1930, ya mkulima aliyeshika uma wa kuchukulia majani, na mwanamke amesimama kando yake. (Wale wawili walikuwa dada yake mchoraji na daktari wake wa meno, wala hawakusimama pamoja alipowachora.) Wenzangu waliipenda. Mimi naona haifai hata kidogo, maana uzuri wake wote umo katika nyuso, na uso haushoneki kwa kitenge. Aproni ya yule mwanamke tu ndiyo ningeitaka.

Lakini tazameni kazi ya Jacob Lawrence. Mwaka 1940 na 1941, naye ni kijana wa miaka 23, alichora picha 60 juu ya safari ya watu Weusi waliotoka kusini ya Marekani kwenda kutafuta kazi na maisha katika miji ya kaskazini. Hana nyuso za kusumbua sindano. Mtu kwake ni koti, kofia na mgongo ulioinama. Treni ni pande la rangi nyeusi. Njaa ni meza isiyo na kitu. Tena alizitandaza mbao zake zote, akapaka rangi moja kwenye kila picha iliyoitaka kabla hajafungua rangi nyingine, ili rangi zifanane toka ya kwanza hata ya mwisho. Sisi tulio na mabaki ya rangi tano au sita tu, nani angetufundisha vizuri zaidi?

Mwenzetu atasema hao ni wageni. Basi na asikie habari za Harriet Powers, ambaye hakushika brashi bali sindano. Alizaliwa utumwani katika jimbo la Georgia mwaka 1837. Mifarishi yake miwili imehifadhiwa, mmoja Washington na mmoja Boston, na wako wataalamu waliofananisha namna yake ya kukata watu na wanyama katika nguo na vitambaa vya Dahomey, Afrika Magharibi. Katika ule wa Boston alishona hadithi za Biblia, na pamoja nazo siku za kutisha zilizokumbukwa na watu wa nchi yake: giza la mchana wa mwaka 1780, nyota zilizoanguka kama mvua usiku wa Novemba 1833, na baridi kali ya Februari 1895. Mambo mawili ya kwanza yalitokea kabla hajazaliwa. Aliyasikia kwa wazee, akayashona. Ule mfarishi mwingine aliuuza kwa dola 5 kwa sababu ya shida, ingawa alikuwa ametaka 10.

Habari ya dola hizo 5 ilinichoma, kwa sababu bibi yangu anayo nguo ya ngozi iliyoshonwa shanga, ya zamani za Wairaqw, na mwaka jana alikuja mchuuzi akitaka kuinunua apate kuwauzia watalii. Wajomba waliona bei ni njema. Bibi alikataa. Nilipotazama mistari ile ya shanga niliona kazi ya watu wanaojua kupanga rangi, tena nyumbani kwetu. Ndipo namjibu mwenzetu: picha za Marekani hazikunisahaulisha kwetu. Nilikuwa nikipita mbele ya ngozi ile tangu utoto nisiione, mpaka nilipozoea kuzitazama picha za Lawrence.

Basi rai yangu ni hii. Tuache waridi, tushone Mlima Hanang na asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, siku mvua kubwa ilipoporomosha udongo, mawe na miti toka mlimani hata Katesh na vijiji vilivyo karibu, watu zaidi ya 80 wakafa. Wako kati yetu waliopotewa na jamaa siku hiyo. Watoto wanaoingia shule ya msingi sasa hawataikumbuka.

Wamenipinga kwa neno moja lenye nguvu: kwamba msiba haulaliwi. Nani atajifunika tope lililoua watu? Neno hili nimelifikiri sana, na kwa nusu nakubali. Mfarishi huu usiwekwe kitandani. Utundikwe ukutani katika bwalo, kama vile ile ya Powers inavyotazamwa wala hailaliwi. Na maiti wasishonwe. Lawrence alipotaka kusema habari ya mtu aliyeuawa na wenye chuki, alichora tawi, kamba iliyoning'inia, na mtu mmoja aliyejikunyata chini. Mtazamaji huelewa. Sisi tutashona mlima kwa vipande vya sare kuukuu za kijani, njia ya tope kwa kahawia, na mabati yaliyopinda kwa kijivu. Kwenye ukingo twaweza kufuata mistari ya ngozi ya bibi, naye amekwisha niruhusu nije nayo siku moja, mradi irudi kwake jioni.

Mwenzangu wa bweni, ambaye nyumba yao ilikuwa upande ule wa Katesh, ameomba kipande cha chini kulia kiachwe kitupu, akishone yeye peke yake, wala hataki kuulizwa atashona nini. Naona ni haki yake.

Kura ya klabu ni Jumamosi ya pili ya muhula. Nguo tunazo za kutosha, na uzi mweupe tunao. Uzi wa kahawia haupatikani katika maduka ya hapa, kwa hiyo atakayepita Babati wakati wa likizo namwomba atununulie vibunda vinne, tutamrudishia fedha yake.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Klabu ya Ushonaji.